Feni ya Kungojea Mlangoni

Kaloleni, Nairobi
6 Februari 1994

Kwako dada Batulo,

Pole tena kwa msiba. Tangu tuje Isiolo kukaa nawe tanga la mumeo Mumin, mtaa huu haujaacha kunisumbua: Batulo anakula? Batulo analala? Nawajibu unakula. Nisaidie isiwe uongo.

Nakuandikia upesi kabla kakako Awale hajakupigia simu, maana najua atapiga, na najua atakavyoipamba habari. Jumamosi nilimbeba Anyango kwenda kuolewa. Gari langu, Austin, nililiosha mwenyewe mpaka ukijitazama mlangoni unaona meno yako. Kina mama walikuwa mbele kwa miguu, Nthambi akiongoza nyimbo kama kawaida yake, na nani atathubutu kuwapita? Tukafika mlangoni kwa mamake Anyango, tukasimama. Hujasahau desturi yetu. Mama atoke ndani, amshike binti mkono dirishani, amwambie "Nenda." Bila neno hilo hakuna gari linaloondoka Kaloleni na bibi harusi. Na mama hatoki mbio, vinginevyo watasema alikuwa amemchoka.

Basi mamake Anyango hakutoka mbio. Alitoa kichwa, akarudi ndani kulia, akatoa tena. Mimi nje niko kwenye usukani, injini inanguruma, mshale wa joto unapanda. Kuzima nikaogopa, kwa kuwa likizimwa moto haliwaki upesi. Mama alipojitokeza hatimaye, gari nalo likatoa lake. Mvuke ulipanda juu ya boneti, maji ya kutu yakamwagika barabarani, na Anyango akamalizia safari kwa miguu, viatu mkononi. Sasa watoto wananiita Mama Birika.

Awale alikuwa pale. Aliniambia mbele za watu, "Nzivo, gari hili lipeleke makumbusho. Nafiso tutamkodia jipya, jeupe, lenye hewa baridi ndani."

Batulo, Mumin alitaja tarehe tisa Aprili iwe harusi ya binti yenu, kwa kinywa chake na akakataza isisogezwe hata akifa. Wewe uko ndani ya eda, huwezi kuja. Kazi yako moja ulinikabidhi mimi: kumtoa Nafiso kwa heshima. Mtoto mwenyewe anakaa kwangu na amesema hapandi gari lingine, kwa sababu nusura azaliwe kwenye kiti cha nyuma cha hili hili, wewe ukipiga kelele na mimi nikikanyaga mafuta kwenda hospitali ya Pumwani. Nipe nafasi. Rejeta nimeizibua, pampu ya maji ni mpya, likikimbia halina shida kabisa. Linachemka likisimama tu, kwa hiyo linachokosa ni hewa. Nitatafuta feni.

Dadako,
Nzivo


Isiolo
19 Februari 1994

Nzivo dada yangu,

Assalaam aleikum. Huku ni Ramadhani, na mimi nimekaa ndani kama kuku anayeatamia. Wageni wanakuja, wanalia, wanakula futari, wanaondoka. Ninakula. Umefurahi?

Awale alipiga simu, tena alichelewa siku moja tu baada ya barua yako. Kwake yeye mvuke ulifika ghorofani. Nikamwambia, "Mwanamke huyo alijifunza kuendesha gari wakati wewe unajifunza kufunga kamba za viatu, na mumewe alipofariki watu wote walisema atauza gari, naye akaweka taulo kwenye kiti na kuanza kubeba mabibi harusi." Nimekutana na wanaume wengi wenye magari. Mwenye gari lenye adabu ni wewe peke yako.

Lakini Nzivo, naogopa. Silali kwa kuwaza mlango huo. Ni mbele ya nyumba yetu ya zamani hapo Kaloleni watakaposimama, na mimi sitakuwemo. Nafiso akisikia injini imekufa mlangoni pasipo na mama, atavunjika moyo mbele za watu, na mimi huku nitavunjika naye.

Kwa hiyo nimetafuta feni mimi. Salad, mpwa wa marehemu, aliniletea kutoka Dubai. Ni ya umeme. Anasema feni yako ya zamani inazungushwa na injini, injini ikienda polepole nayo inasinzia, ndiyo maana gari linachemka likisimama. Hii ya umeme haijali. Ukibonyeza inazunguka kwa nguvu ile ile, gari liwe linakimbia au limesimama. Nimeiona kwa macho yangu ikiunganishwa na betri, ilinipeperushia shela kichwani, na mimi mjane!

Nimempa dereva wa basi. Usiniulize bei. Ifunge, kisha uniandikie nipate usingizi.

Wako,
Batulo


Kaloleni
1 Machi 1994

Dada Batulo,

Feni imefika salama, na dereva hakuigonga popote. Ni kitu kizuri ajabu. Panga zake nyembamba, nyeusi, zinang'aa, na kelele yake ndogo kuliko ya cherehani. Tumeifunga. Nimeenda nayo mpaka Thika na kurudi na mshale haukutingishika. Kila aliyeiona ameisifu, na nimewaambia imetoka kwa nani.

Lala usingizi. Nafiso hajambo, anashona mwenyewe pindo za gauni lake na hataki nimsaidie, kwa sababu mishono yangu anaijua.

Dadako,
Nzivo


Isiolo
18 Machi 1994

Nzivo,

Idd imepita. Ahsante kwa salamu.

Nakuuliza jambo moja unijibu kama mtu mzima. Awale alikuja kwako juzi kumsaidia Nafiso kuinua sanduku la nguo. Alipoinama, aliona boksi la feni chini ya kitanda chako. Alilifungua. Feni imo, imefungwa kwa gazeti. Akaenda akafunua boneti, akakuta bati la mafundi wa masanduku na panga za feni ya pikapu.

Nimewaambia watu wa Isiolo wote, na wakwe wa Nafiso, kuwa gari limewekwa feni ya Dubai na mama wa bibi harusi. Kila anayekuja kunipa pole namwambia. Ndilo jambo pekee nililofanya kwa ajili ya harusi ya mwanangu, Nzivo, na wewe umelitia chini ya kitanda na viatu.

Kama hukuitaka ungesema. Nimefiwa, sijawa mtoto mdogo wa kudanganywa. Au uliona mimi wa Isiolo nitajua nini juu ya gari lako?

Nimemwambia Awale akodi lile jeupe.

Batulo


Kaloleni
23 Machi 1994

Dada yangu Batulo,

Nilisoma barua yako nimesimama, nikakaa. Una haki ya kila neno isipokuwa lile swali lako la mwisho. Sikuwahi kufikiri hujui. Ulijua kuliko fundi wangu, maana ni wewe uliyeona kwamba feni ya umeme ndiyo dawa ya gari linalochemka likisimama. Salad alisema kweli. Tatizo liko upande wa gari langu, na sikuweza kukuandikia hilo ukiwa ndani ya eda, kwa hiyo nikakuandikia nusu. Kila nilichokwambia kilikuwa kweli mpaka Thika. Sikukwambia kilichotokea tuliporudi.

Nilijiambia: Thika si mtihani. Mtihani ni Nthambi na mlango. Nikamwomba akusanye kina mama Jumanne asubuhi waniimbie kama siku yenyewe. Batulo, ungekufa kwa kicheko. Kina mama wenye shughuli zao, wengine na vikapu vya sokoni kichwani, wanacheza mbele ya gari tupu! Kijana mmoja akawasalimu kina mama kwa sauti, "Niaje wamathe, nani anaolewa leo?" Nthambi akamjibu bila kukata wimbo, "Ni gari. Wewe umekuja na mahari?"

Tukatambaa hivyo kuzunguka nyumba, feni yako ikivuma vizuri, mshale umetulia. Nikaanza kukuandikia barua ya furaha kichwani. Tukasimama mbele ya nyumba yenu ya zamani. Nthambi akaingia ndani kwa mpangaji kujifanya mama, akakataa kutoka. Mshale ukabaki palepale. Lakini nikasikia mvumo wa feni unashuka. Nikapiga honi, ikatoa sauti ya mbuzi mgonjwa. Taa zikawa nyekundu, feni ikasimama, injini ikakata, na hata kuwasha hakukuwezekana. Kina mama walitusukuma mpaka nyumbani wakiimba.

Sababu ni hii. Magari ya siku hizi yana altaneta, inatoa umeme hata gari likiwa limesimama. Langu lina dainamo ya kizamani, na hiyo haitoi umeme wa maana mpaka injini ikimbie. Kwa hiyo tukisimama mlangoni, feni yako inakula betri na hakuna anayeilisha betri. Nilimuuliza fundi kuhusu kuweka altaneta. Akasema gari hili hata betri yake imefungwa kinyume na ya siku hizi, atalazimika kufumua nyaya zote, na hawezi kuniahidi tarehe tisa. Nami nilihitaji mtu wa kuniahidi tarehe tisa.

Ndipo nikaanza kutafuta feni ya kuzungushwa na injini, ila yenye pumzi ndefu. Gikomba nilichagua kama mtu anayechagua mchumba. Ya lori ilikuwa na nguvu lakini ilikwaruza rejeta. Ya plastiki ilikuwa nyepesi na haikuvuta chochote ila sifa. Nikapata ya chuma, panga saba, kutoka kwa pikapu iliyokufa. Ikafaa, lakini bado mshale ukapanda, polepole zaidi tu. Nikafunua boneti nikaweka mkono. Hewa ilikuwa inazunguka mle mle ndani kama mchuzi unaokorogwa. Feni ilikuwa inavuta ya pembeni kwa kuwa ndiyo iliyo karibu, haikuvuta ya kupitia kwenye rejeta.

Nikaenda kwa Mutisya, anayetengeneza masanduku ya wanafunzi pale Shauri Moyo. Nikamwambia nataka duara la bati la kuizunguka feni, lishikane na rejeta pande zote, feni isiwe na pa kuvuta isipokuwa humo. Akasema, "Mama, mimi ni mtu wa sanduku. Lakini kama ni kuzibia upepo njia, hiyo ni box tu haina kifuniko." Alilikata mara ya kwanza, likagusa panga. Akalikata tena. La tatu lilikaa kama kofia kwa mwenyewe.

Kina mama wakaniimbia tena. Mara hii Nthambi aliingia kuwa mama, akapikiwa chai, akainywa, akaomba ya pili. Mshale ulipita katikati kidogo ukakaa hapo, na ukakaa, mpaka nikachoka mimi.

Feni yako niliifunga kwa gazeti ili isipate vumbi. Sikuiona takataka. Niliogopa kukwambia kwamba kitu ulichonunua katika majonzi yako hakikuingia kwenye gari langu la zamani. Hilo ni kosa langu, nami nimeona limekuumiza kuliko ukweli wenyewe. Kama umekwisha kuamua lile jeupe, nitamvisha Nafiso shela na nitatembea nyuma na wengine. Sitakulaumu.

Nzivo


Isiolo
29 Machi 1994

Nzivo wangu,

Nimeicheka barua yako mpaka mama mkwe akaja kuuliza kama nimepata kichaa, mjane anacheka hivyo? Nikamsomea pale pa "Ni gari." Naye akacheka, akasahau kunikemea.

Kisha nikalia. Wanawake wale wameacha masoko yao, si mara moja, wakaliimbia gari tupu, ili mwanangu asije akaaibika mlangoni. Na wewe ukaingiza mkono kwenye injini ya moto kutafuta hewa inapita wapi. Mimi nilitoa pesa tu. Niliyekuwa najisifu kwa watu kuhusu feni ya Dubai, sasa nawasimulia habari ya duara la bati, na wanaipenda zaidi. Mzee mmoja dereva wa malori alitikisa kichwa akasema, "Huyo mama aje anifanyie langu."

Feni mpe Awale aifunge kwenye pikapu yake, ina altaneta, na itamfunga mdomo. Gari jeupe amekwisha kulilipia, basi libebe shangazi zake bwana harusi. Nafiso apande Austin.

Sasa sikiliza, hili ndilo lililonifanya nikuandikie haraka. Mlangoni, mama ni nani? Awale ananiambia atasimama yeye kwa kuwa ni mjomba. Nimekataa. Alipozaliwa Nafiso tulikuwepo mimi na wewe, Awale alikuwa anacheza mpira. Mlango ni wako. Wapangaji wa nyumba yetu nimewatumia salamu, wameridhia uingie.

Na usiniambie wewe ndiye dereva. Najua hujawahi kuliacha gari hilo likinguruma peke yake, hata kwa kwenda kununua kiberiti. Siku hiyo utashuka. Utaingia ndani ya nyumba yangu, utakaa, na utachelewa kama mama. Ukitoka mbio, nitajua. Nthambi ataniandikia.

Mwambie Nafiso saa hizo nitakuwa kwenye mkeka nikimwombea.

Dadako,
Batulo


Kaloleni
10 Aprili 1994

Dada yangu Batulo,

Nafiso ameolewa. Naanza na hilo ili usome mengine ukiwa umetulia. Bwana harusi Magan alikuwa ametahayari kama kijana wa kwaya, na nimempenda.

Mvua iliyotishia tangu Alhamisi haikuja. Badala yake lilitoka jua kali la kuchoma utosi. Nilimfungia Nafiso mlango wa nyuma mwenyewe. Alikuwa mzuri, Batulo, mzuri wa kumfanya mtu anyamaze. Ana macho ya Mumin, na jana alikuwa ameyapaka wanja, basi ilikuwa kama Mumin ananiangalia kwenye kioo changu cha dereva na kuniuliza kama nimeangalia maji ya rejeta. Nilikuwa nimeangalia.

Nthambi alikuwa na sauti ya kuamsha Shauri Moyo nzima. Walikuja Wakamba, Wajaluo, Wasomali wa Eastleigh, kila mmoja na pambio lake, na hakuna aliyeharakisha. Tulikwenda mwendo wa mtu anayetafuta sindano. Awale alitembea kando ya boneti njia nzima, sikio amelitega, nami nikajifanya simwoni.

Tukasimama mlangoni kwenu. Nyimbo zikakatika. Nikautazama mshale, uko chini ya katikati. Nikatazama mlango. Umefungwa. Watu wote walijua ni nani hayupo, na hakuna aliyejua pa kuweka macho. Nyuma yangu Nafiso akasema polepole, "Mama Nzivo, twende tu. Nimeelewa hawezi kuja."

Nikamwambia, "Ngoja mamako."

Nikashuka. Niliacha ufunguo mahali pake na injini ikinguruma. Nthambi akanitolea macho, "Nzivo, utaacha gari?" Nikamwambia achunge wimbo wake. Nikaingia nyumbani kwako, mpangaji akanivutia kiti, nikafunga mlango na kuupa mgongo.

Nilitaka kutoka papo hapo. Miguu yenyewe ilikuwa inainuka. Niliisikia injini kupitia ukutani na kila ilipobadilisha pumzi kidogo nilishika ukingo wa kiti. Lakini uliniambia nichelewe, nikachelewa. Na nilipokaa nikaona ninaweza kulia, nikalia. Nimewapeleka mabibi harusi wa mtaa huu wote, nimewasubiri mama zao mlangoni nikinung'unika kwamba wananichomea petroli, na mimi Mungu hakunipa binti, sikuwahi kujua wanafanya nini humo ndani muda wote huo. Sasa najua. Wanajaribu kutoka na hawawezi. Sikuchelewa kwa kukutii, Batulo. Nilishindwa kuinuka.

Huko nje wakaanza kuimba tena, na chini ya wimbo injini ilikuwa inaendelea, sauti ile ile, ikinisubiri. Nikajifuta uso kwa kanga, nikafungua mlango.

Awale alikuwa ameinama dirishani anatazama mshale. Aliinua uso akaniambia kwa sauti ya chini, "Chukua muda wako, dada. Liko sawa." Awale huyo huyo!

Nikamshika Nafiso mkono. Ulikuwa baridi kwenye jua lote lile. Nikamwambia, "Mamako anasema nenda." Akakataa kuniachia. Akaniambia, "Na wewe unasemaje?"

Nikamwambia nenda.

Kisha nikazunguka, nikaingia kwenye usukani, nikampeleka.

Wako,
Nzivo